Sura ya Sita: Picha Nzima Kwenye Karatasi ya A4

Lalamiko linalosikika kuliko yote kwa watu wanaochapa picha nyumbani ni kwamba printa imekata vichwa. Kwenye simu, picha ya harusi ilikuwa kamili: bibi na shangazi wameketi mbele, vijana wamesimama nyuma, na yule mrefu kuliko wote amebakiwa na upenyo mdogo juu ya kofia yake. Kwenye karatasi kofia haipo, na miguu ya waliokaa mbele imeishia kwenye vifundo. Hapo wengi huanza kuisumbua printa. Wanabadilisha karatasi, wanasafisha mashine, mwishowe wanaipeleka kwa fundi. Fundi hataona kasoro, maana printa imefanya kama ilivyoagizwa. Ilipewa picha yenye umbo moja na karatasi yenye umbo jingine, ikaambiwa ijaze karatasi yote. Umbo haliwezi kujaza umbo lisilofanana nalo bila kukatwa au kuvutwa. Nitakachotetea katika sura hii ni kwamba agizo hilo la kujaza karatasi ndilo linalopaswa kuachwa. Picha ya familia ichapwe nzima, na pambizo nyeupe iliyopangwa kwa makusudi. Na kwa mtu wa Afrika Mashariki mwenye simu na printa ya kawaida, karatasi inayoifaa kazi hiyo kuliko zote ni A4, hiyo hiyo tunayochapia barua na vyeti, tofauti ikiwa tu kwamba tunainunua katika aina yake nene ya kung'aa au isiyong'aa iliyotengenezwa kwa ajili ya picha.

Kinachogombana hapa ni umbo, wala ukubwa hauna kesi. Picha ikiwa ndogo kuliko karatasi hukuzwa, ikiwa kubwa hupunguzwa, na programu yoyote hufanya hivyo bila taabu. Umbo hupimwa kwa uwiano, yaani upande mrefu ukigawanywa kwa upande mfupi. Simu nyingi hupiga picha za uwiano wa 4 kwa 3, ambao ni 1.33. Kamera zenye lenzi za kubadilisha, zile wanazobeba wapiga picha wa harusi, nyingi zinatoa 3 kwa 2, yaani 1.5. Video na picha zinazotokana nayo ni 16 kwa 9, yaani 1.78. Upande wa karatasi nao, kila moja ina lake. Pakiti iliyoandikwa 4R ina karatasi za inchi 4 kwa 6, sentimita 10 kwa 15 hivi, zenye uwiano wa 1.5. 5R ni inchi 5 kwa 7, uwiano 1.4. 8R ni inchi 8 kwa 10, uwiano 1.25. A4 ni milimita 210 kwa 297, uwiano 1.414. Ukizisoma namba hizi mara moja unaona kwamba picha ya simu haina hata karatasi moja kati ya hizi inayolingana nayo sawasawa, na picha ya kamera ya harusi inalingana na 4R peke yake. Kwa hiyo anayechapa picha ya simu kwa kujaza karatasi atakata kila siku, karatasi yoyote kati ya hizi atakayonunua. Kilichobaki ni kujua atakata kiasi gani na nani aliyechagua pa kukata.

Tuichukue ile picha ya harusi tuipime. Imepigwa simu ikiwa imelazwa, na inachapwa kwenye 4R bila pambizo. Ili upana wake ujaze milimita 152 za karatasi, kimo chake lazima kifike milimita 114. Karatasi ina kimo cha milimita 102 tu. Milimita 12 na ushei zinaondoka, sita juu na sita chini, sawa na asilimia 11 ya picha nzima. Milimita sita zinaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba katika picha ya watu thelathini waliopangwa mistari mitatu kwenye karatasi ya ukubwa huo, uso wa mtu mzima hauzidi sana kipimo hicho. Na bado hesabu haijaisha. Printa inapochapa bila pambizo huikuza picha kidogo kupita ukingo wa karatasi, ili karatasi ikiingia upande kidogo kusionekane mstari mweupe pembeni. Wino unaozidi hunyonywa na sponji iliyo ndani ya mashine. Ukuzaji huo hula milimita nyingine chache kila upande. Ndiyo sababu hata picha ya kamera ya 3 kwa 2, ambayo kwa hesabu inalingana na 4R, hutoka ikiwa imebanwa kidogo kuliko ilivyoonekana kwenye skrini.

Maumbo haya hayakushuka kutoka mbinguni, na historia yake inasaidia kuamua. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 William Kennedy Laurie Dickson, aliyekuwa akifanya kazi kwa Thomas Edison nchini Marekani, alitengeneza filamu ya sinema yenye upana wa milimita 35 na matundu pande zote mbili. Kila picha ndani yake ilikuwa na takriban milimita 24 kwa 18, yaani 4 kwa 3. Sinema ikalishika umbo hilo, televisheni ikalirithi kutoka sinema, na skrini za kompyuta zikalirithi kutoka televisheni. Ndiyo maana skrini za zamani zilihesabiwa 640 kwa 480 au 1024 kwa 768, zote 4 kwa 3. Kamera ndogo za kidijitali za kwanza zilitengenezwa ili picha zake zionekane kwenye skrini hizo, na simu zikafuata mkondo. Upande wa pili yuko Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, aliyetaka kamera ndogo ya mkononi inayotumia filamu ile ile ya sinema. Aliilaza filamu, akaunganisha nafasi za picha mbili za sinema kuwa moja, akapata milimita 36 kwa 24. Kamera yake, Leica, iliingia sokoni mwaka 1925, na uwiano wake wa 3 kwa 2 ukawa wa kamera nyingi za filamu za milimita 35, kisha wa zile za kidijitali zilizozirithi. Simu na kamera ya harusi, basi, ni wajukuu wa filamu moja. Tofauti yao ni kwamba Barnack alizidisha mara mbili.

Hilo la kuzidisha mara mbili ndilo linalonifanya niitetee A4 kwa moyo wote. Mwaka 1786 Georg Christoph Lichtenberg, profesa wa fizikia wa Göttingen, alimwandikia mwenzake Johann Beckmann kuhusu karatasi ambayo ukiikata katikati, kila nusu inabaki na umbo lile lile la karatasi nzima. Mstatili wenye sifa hiyo ni mmoja tu, ule ambao upande wake mrefu ni kipeuo cha pili cha 2 ukilinganishwa na mfupi, yaani 1.414. Wajerumani waliugeuza kuwa kanuni ya taifa mwaka 1922 kwa kazi ya Walter Porstmann, A0 ikiwa na eneo la mita moja ya mraba na kila namba inayofuata ikiwa nusu ya iliyotangulia. Mwaka 1975 kanuni hiyo ikawa ya kimataifa. Sasa iweke kando ya alichokifanya Barnack. Chukua mstatili wowote ambao upande wake mrefu hauzidi mara mbili ya mfupi, uunganishe na pacha wake ubavu mrefu kwa ubavu mrefu, na kwa kawaida utapata mstatili wa umbo jingine. Ukizidisha uwiano wa kwanza kwa uwiano wa pili jibu ni 2 daima. Jaribu: 4 kwa 3 mara 3 kwa 2 ni 2 kamili. Umbo linalosimama katikati ya hayo mawili, likiwa mbali sawasawa na kila moja, ni lile ambalo likizidishwa kwa lenyewe linatoa 2, nalo ndilo umbo la A4. Lichtenberg hakuiona kamera wala Barnack hakuwa akiwazia karatasi ya ofisini, lakini wote wawili walishughulika na kitendo kimoja, kukunja na kukunjua mara mbili, na kwa hiyo A4 imejikuta katikati hasa ya simu na kamera.

Matokeo yake yanaonekana kwenye hesabu ya ukataji. Picha ya simu ikijaza A4 inapoteza asilimia 5.7. Picha ya kamera ya 3 kwa 2 ikijaza A4 nayo inapoteza asilimia 5.7, namba ile ile. Hakuna umbo jingine la karatasi linalowatendea wote wawili kwa usawa huo. 4R humpa mwenye kamera kila kitu na kumnyang'anya mwenye simu asilimia 11. 8R, inayopendwa kwa fremu za sebuleni, huchukua asilimia 6 ya picha ya simu na asilimia karibu 17 ya picha ya kamera, yaani sehemu moja ya sita. Bwana harusi aliyesimama pembeni mwa mstari anaweza kubaki na bega moja. 5R inaikaribia A4, lakini ni adimu zaidi madukani na haina sifa ya kukunjika bila kubadilika. Ndugu zetu walioko Marekani na Kanada hawana A4 kwenye printa zao. Wana karatasi ya inchi 8 na nusu kwa 11, ambayo uwiano wake ni 1.29. Kwao picha ya simu hupoteza asilimia 3 tu, lakini picha ya kamera hupoteza karibu asilimia 14. Kwa hiyo faili lililokatwa Dar es Salaam au Mombasa ili lijaze A4 litakatwa tena likifika Minneapolis, na hiyo ni sababu nyingine ya kuwatumia picha nzima, isiyoguswa.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa wapiga picha wenyewe. Watasema kukata picha ni sehemu ya ufundi tangu enzi za chumba cha giza, na anayekataa kukata hajui kazi. Wana haki nusu. Kulikuwa na njia ya kuchapa isiyo na tatizo hili kabisa. Seydou Keïta, mpiga picha mashuhuri wa Bamako, Mali, alitumia kamera kubwa ya sentimita 13 kwa 18 na kuchapa kwa kuigusanisha negativu na karatasi ya kipimo hicho hicho. Kilichokuwa kwenye negativu ndicho kilichokuwa kwenye karatasi. Kulikuwa pia na kamera kama Rolleiflex ya mwaka 1929, iliyotoa picha za mraba za sentimita sita kwa sita, huku karatasi za picha zikiwa za mstatili, na kila picha iliyojaza karatasi ililazimika kukatwa. Lakini angalia ilivyokatwa. Mtu alisimama gizani, akaiona picha ikimulikwa mezani na mashine ya kukuzia, akasogeza vyuma vinne vya ubao wa kuwekea karatasi mpaka akaridhika na kilichobaki ndani. Alimwona mtu wa pembeni kabla ya kumwondoa. Printa ya nyumbani inayoambiwa ijaze karatasi hukata sawasawa pande mbili bila kutazama kilichopo, na mwenye picha hugundua wino ukishakauka. Sipingi kukata. Ukiona upande wa kushoto kuna jenereta na ndoo, ziondoe, picha itapendeza. Ninachokataa ni kukata kunakoamuliwa na ukubwa wa pakiti iliyokuwapo dukani.

Wengine watasema pambizo nyeupe ni uchafu wa macho na upotevu wa karatasi iliyonunuliwa kwa bei. Hoja ya upotevu inageuka ukiangalia kinachotokea picha ikishachapwa. Fremu yoyote ina mdomo unaoibana karatasi na kufunika milimita kadhaa kila upande. Picha iliyojaza karatasi hufunikwa hapo kwa mara ya pili, baada ya printa kuikata kwa mara ya kwanza. Yenye pambizo hufunikwa weupe tu. Albamu za kubandika nazo zinahitaji pa kupaka gundi, na mikono ya watoto inahitaji pa kushika pasipo uso wa mtu. Alama za vidole vyenye mafuta kwenye karatasi ya kung'aa hazitoki kirahisi. Kuhusu macho, pambizo huonekana mbaya inapokuwa bahati mbaya: uzi mweupe wa milimita mbili upande mmoja na saba upande wa pili. Ikipangwa, inakuwa sehemu ya picha. Hapa A4 ina zawadi moja kwa mwenye kamera ya 3 kwa 2. Ukiacha milimita 18 pande zote nne, nafasi inayobaki ni milimita 261 kwa 174, na hiyo ni 3 kwa 2 kamili, bila chenji.

Kwa picha ya simu pambizo haiwezi kuwa sawa pande zote, kwa sababu A4 ni ndefu kuliko picha. Ukiacha milimita 10 kwenye pande ndefu za karatasi, picha itakuwa na milimita 253 kwa 190, na kwenye ncha mbili zitabaki milimita 44 za kugawa. Mtu anaweza kuzigawa nusu kwa nusu. Napendekeza tofauti kwa picha iliyosimama: milimita 15 juu na zaidi ya 28 chini. Nafasi ile ya chini inatosha kuandika majina ya waliomo, kuanzia kushoto, na mahali, na tarehe, kwa kalamu ya wino usioyeyuka. Familia nyingi zina picha za miaka ya 1960 na 1970 ambazo hakuna aliye hai anayeweza kuwataja wote waliomo, na nyuma yake hakuna neno. Milimita 28 za weupe zinaweza kuwaokoa wajukuu na ukimya huo. Hakuna matumizi ya karatasi ninayoyaona kuwa na thamani zaidi ya hayo, na anayeyaita upotevu namwomba afikirie upya.

Kuna wanaosema dawa ni kuipanga simu ipige picha za umbo la karatasi tangu mwanzo. Simu nyingi zina chaguo la 16 kwa 9 na nyingine zina 3 kwa 2 au mraba. Kitambuzi cha picha ndani ya simu, hata hivyo, kwa kawaida ni cha 4 kwa 3, na maumbo hayo mengine hupatikana kwa kutupa sehemu ya kile kilichokwisha kuonwa. Anayepiga kwa 16 kwa 9 ili picha ijae kwenye skrini yake ameshapoteza robo ya picha kabla hajafika kwenye printa, na ikifika kwenye 4R itakatwa tena karibu asilimia 16, safari hii kutoka ncha za kushoto na kulia. Piga 4 kwa 3, weka faili nzima, kata nakala ukihitaji. Anayepiga akijua kwamba picha itajaza 4R asogee nyuma hatua moja na kuacha hewa juu ya vichwa na chini ya miguu; hiyo inagharimu pikseli chache tu. Simu ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000 hivi, na kwenye A4 yenye pambizo niliyoeleza hizo ni zaidi ya pikseli 400 kwa kila inchi, ilhali 300 huhesabiwa kuwa za kutosha kwa picha ya kushikwa mkononi. Hatari ya kweli kwa ubora ni picha iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida, ambayo hubanwa na kupunguzwa pikseli. Mwombe aliyeipiga akutumie kama hati.

Kuivuta picha hadi ijae ni njia isiyostahili mjadala mrefu: 4 kwa 3 ikivutwa kuwa 3 kwa 2 inampanua kila mtu kwa asilimia 12 na nusu, na mama mzazi wa yeyote ataliona hilo kabla ya fundi. Njia mpya ni ya programu za akili bandia zinazobuni ukuta, miti na hata mikono ili kuongeza pembeni kile ambacho kamera haikukiona. Kwa tangazo la biashara sina neno. Kwa picha ya msiba, ya mahafali, ya babu na wajukuu wake, picha ni ushahidi wa nani alikuwapo na palikuwaje siku ile, na weupe wa karatasi hausemi uongo wowote.

Tuingie sasa kwenye dirisha la kuchapia, kwa kuwa ndipo mambo yanapoharibika. Katika kompyuta ya Windows, kwenye dirisha la kuchapia picha ambalo wengi wamelizoea kwa miaka, chini kuna kisanduku kidogo ambacho huja kikiwa kimeshawekewa tiki. Maneno yake yanamfanya mtu adhani kwamba picha itaenea vizuri ndani ya karatasi. Kwa kweli tiki hiyo inaamuru karatasi ijazwe na kinachozidi kikatwe. Iondoe, na picha ileile itakaa nzima na weupe pembeni. Mfano ulio kwenye dirisha hubadilika papo hapo ukiuangalia. Tiki hiyo moja inaeleza sehemu kubwa ya vichwa vinavyolaumiwa kwa printa. Kosa la pili ni la kuchagua jina la karatasi lisilolingana na karatasi iliyowekwa. A6 na 4R zinafanana mkononi, lakini A6 ni milimita 105 kwa 148 na 4R ni 102 kwa 152. Ukiiambia printa A6 ukaweka 4R, itakata upande mmoja karibu milimita tatu na kuacha uzi mweupe mwishoni mwa karatasi, nawe utadhani roli zinateleza. Kwa hiyo kwanza soma pakiti, kisha chagua jina hilo hilo kwenye printa, kisha ondoa agizo la kuchapa bila pambizo, kisha ndipo uangalie mfano. Printa nyingi za ofisini na za bei nafuu haziwezi kabisa kuchapa A4 hadi ukingoni. Huacha milimita tatu hadi tano zenyewe. Aliyekwisha kuamua kuweka pambizo hahitaji kununua mashine ghali kwa ajili hiyo.

Kazi moja haimo katika hoja hii, nayo ni picha za pasipoti. Pale umbo linaamriwa na ofisi inayozipokea, na kujaza karatasi ni akili nzuri. Kipimo cha milimita 35 kwa 45, kinachotumiwa na nchi nyingi, kikipangwa kwenye 4R iliyosimama na picha zikiwa zimesimama pia, zinaingia sita. Zilaze, zitaingia nane: mbili kwa upana, nne kwa urefu, na bado panabaki pa kupitisha mkasi. Wenye studio wanalijua hilo zamani.

Pingamizi la mwisho ni la mfuko. A4 ya picha ni ghali kuliko 4R kwa kila karatasi, na si kila picha inastahili ukubwa wa cheti. Hapa ndipo ile sifa ya Lichtenberg inapolipa. Kata A4 katikati, utapata A5 mbili. Kata kila A5 katikati, utapata A6 nne, na kila moja ina uwiano ule ule wa 1.414, kwa hiyo yote niliyoyasema kuhusu umbo la A4 yanabaki kweli kwa kila kipande, pamoja na ile asilimia 5.7. Kipande cha A6 chenye milimita 105 kwa 148 ni karibu sana na 4R. Panga picha nne kwenye A4 moja kwa programu yoyote ya kuandikia, kila moja katikati ya robo yake. Ya simu iwe na milimita 126 kwa 95, ya kamera iwe na 138 kwa 92. Zote mbili zitaacha angalau milimita tano kila upande, kiasi ambacho printa isiyoweza kuchapa hadi ukingoni inakimudu. Kabla ya kukata, linganisha bei ya A4 moja na ya 4R nne katika duka lako, kwa kuwa pakiti hutofautiana. Kata kwa kisu na rula ya chuma juu ya kadibodi, siku inayofuata, wino ukiwa umekauka kabisa. Na ukikata uanze na mstari unaogawa upande mrefu, milimita 148.5 kutoka kila ncha, ndipo ugeuze vipande viwili na kukata kila kimoja kwenye milimita 105.